Tukumeq na Njia ya Baba Yake

Mimi nikimtaja Tukumeq huwa naanza na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Tumekaa nyumba kwa nyumba hapa Appalik tangu tukiwa wasichana. Mlango wake unatazama mlango wangu, na hajawahi kuchemsha kahawa nisisikie harufu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kushonea ngozi, mcheshi kwa wageni na bahili wa maneno kwa watu wake. Umaarufu hana. Ukishuka kwenye helikopta ukauliza fundi wa viatu vya ngozi ya sili, watoto watakupeleka kwake. Ukiuliza jambo jingine lolote, watakupeleka kwa mtu mwingine.

Lakini huwezi kumweleza Tukumeq bila kumweleza Mlalaji, ule mto wetu wa barafu. Mlalaji anashuka kutoka barafu kuu ya bara, anapenya kati ya milima miwili, anatia mdomo baharini kaskazini mwa kijiji. Waliotutangulia walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na vishindo. Mito mingine ya barafu hunguruma na kumwaga vilima vizima baharini, wetu akawa analala tu, akijigeuza kidogo wakati wa kiangazi kama mtu aliyeshiba.

Kila mahali juu yake pana jina. Pale mbele anapogusa maji ni Ulimi. Upande wa kusini, penye mteremko laini wa kupandishia sleji za kuvutwa na mbwa, ni Shavu. Katikati ni Kitana, nyufa tupu, ufa baada ya ufa, hata mbweha hapapendi. Na juu ya Kitana ndipo ilipo Figo, kilima cha mwamba mweusi kilichochomoza peke yake, barafu ikigawanyika kukizunguka. Ukivuka ng'ambo ya kaskazini unateremka taratibu mpaka ghuba ya Kuussuaq, kijiji cha wenzetu tunakooa na kuolewa.

Kwenda Kuussuaq kwa barafu ya bahari ni rahisi mpaka ufike kwenye rasi. Pale mkondo unaila barafu kwa chini, na miaka mingi hapapitiki kabisa. Zamani watu walikuwa wakizunguka juu sana, nyuma ya Figo, wakilala njiani kwenye upepo wa bara ambao haumwachi mtu na pua yake. Aliyewapatia njia ya mkato ni Avataq, baba yake Tukumeq. Aligundua kwamba kati ya Figo na Kitana kuna ukanda mwembamba ambao barafu imeulalia mwamba, kwa hiyo haipasuki. Unapanda Shavu, unaiweka Figo mkono wa kulia, karibu kiasi cha mbwa kuweza kulinusa jiwe, unapita, unateremka. Unaondoka Appalik asubuhi, jioni uko Kuussuaq unakunywa kahawa ya watu.

Njia hiyo haikuwa na alama. Ilikuwa kichwani mwa Avataq, na wengine walimfuata nyuma. Tukumeq alikuwa mtoto wake wa pekee, akapandishwa sleji hata kabla ya kung'oka meno ya utotoni. Alijua kuendesha mbwa kuliko vijana wengi, jambo ambalo baadhi ya vijana hao hawajamsamehe mpaka leo. Wakirudi safarini mzee alikuwa akimbeba begani kupita mbele ya madirisha yetu, naye akituangalia sisi wengine kama malkia. Mimi nilimwonea wivu. Baba yangu alikuwa mtu wa samaki na usingizi.

Avataq alikufa kitandani kwa ugonjwa wa kifua, miezi ya giza, wakati jua halichomozi kabisa, ilipokuwa inaanza. Tukumeq wakati huo alikuwa mjamzito. Mumewe, mtu wa kusini aliyekuja kufanya kazi ya mitambo ya redio, alirudi kwao kusini kabla mtoto hajazaliwa, na hatukumlilia. Mtoto akazaliwa usiku mmoja mwishoni mwa baridi, jua likiwa limesharudi. Akawa analia, hataki ziwa, analia tu, mpaka uso ukawa wa zambarau. Ndipo bibi kizee, mjane wa Avataq na mama yake Tukumeq, akaingia akamwinamia sikioni akamwambia, "Avataq, nyamaza, umefika." Mtoto akanyamaza. Akashika ziwa akanyonya kama mtu aliyetoka safari.

Mimi nilikuwapo, nilishika taa. Kwetu jina la marehemu likishatua kwa mtoto, mtu ametua. Yule bibi alimwita mtoto mchanga "mume wangu" mpaka siku yake ya kufa, akamwekea tumbaku kando ya mto wa kulalia. Na Tukumeq akamwita mwanawe "baba." Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tunavyofanya sote, mimi mwenyewe nina mjukuu ninayemwita shangazi na anajua kunituma dukani.

Tena Avataq mdogo alifundishwa kuita watu kama mzee alivyowaita. Mama yake alikuwa "binti yangu." Mimi, ambaye mzee alinibandika jina la Kelele kwa sababu nililia sana utotoni, nikaanza kuitwa hivyo na mtoto ambaye hata suruali alikuwa hajui kuivua.

"Kelele," ananiita dirishani, ana miaka minne, "una biskuti?"

"Sina."

"Binti yangu! Kelele ananinyima biskuti!"

Tukumeq anatoka na mikono yenye mafuta. "Benigne, mpe baba biskuti, si ulikuwa unakula kwake wewe?"

Na kweli nilikuwa nakula kwake. Nikatoa.

Watoto wa hapa hawapigwi, hilo mlijue. Lakini wengine hukatazwa. Huyu hakukatazwa. Alivunja dirisha, Tukumeq akasema baba alitaka hewa. Alikula akamaliza ngozi yote ya nyangumi iliyowekwa kwa ajili ya Krismasi, Tukumeq akasema baba siku zote alikuwa anaipenda. Alipokataa shule siku za jua zuri, hakuna aliyemsukuma. Nilimwambia, "Unamharibu." Akanijibu, "Nitamharibuje mtu aliyenilea?"

Bibi kizee alikuwa amemtia Tukumeq neno moja kichwani, na nadhani ndilo lililommaliza. Alimwambia kwamba jina likikemewa hukasirika, likikasirika huondoka, na mtoto hubaki ganda tupu, anaugua. Wengi tuliambiwa hivyo. Wengi tulichukua nusu tukaacha nusu. Tukumeq alichukua yote, kwa sababu alimpenda baba yake mno na hakutaka kumfukuza.

Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Aliota mabega, akawa mpole, mcheshi, mvivu wa asubuhi, hodari wa mbwa. Akampata msichana wa Kuussuaq, Ivalu, mwenye sauti nzuri kanisani. Alikuwa akienda kumwona kwa njia ya juu pamoja na wenzake, nyuma ya Figo, kama kila mtu anavyofanya tangu mwenye njia ya mkato afe.

Tena Mlalaji ameamka. Sisi wanawake ndio tuliokuwa wa kwanza kuona. Kiangazi wanaume wako baharini wanawinda nyangumi, nasi tunapanda mlima ulio juu ya Shavu na nyavu zetu za mipini mirefu kudaka wale ndege wadogo wanaokuja kwa makundi kama mawingu. Ukikaa pale kati ya mawe, Mlalaji mzima yuko chini yako. Nimekaa pale tangu nikiwa msichana. Nimeuona Ulimi ukirudi nyuma mpaka ule mwamba ambao mama zetu hawakujua upo. Nimeiona Figo ikirefuka. Wenye akili watajua kuwa mwamba haurefuki, ni barafu iliyokuwa inashuka.

Kiangazi kimoja tulikuwa tumekaa na Tukumeq, nyavu magotini, ndege wamepumzika kidogo. Nikaona mstari wa buluu kando ya Figo. Si ufa kama wa Kitana. Ni barafu iliyojibandua kutoka kwenye mwamba, imeacha pengo ambalo kanisa letu lingeingia na mnara wake.

"Unaona?" nikamuuliza.

"Naona," akasema.

"Si ndiyo njia ya baba yako ile?"

Akainua wavu kama ndege wamekuja, na ndege walikuwa hawajaja. Kiangazi kilichofuata tukaliona tena, limepanuka. Mimi nilidhani hakuna haja ya kusema, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa akipita pale. Na ikifika majira ya baridi theluji hufunika kila kitu, ukipatazama utaona tambarare nyeupe, nzuri, inayokualika.

Sasa tuje kwenye ile sherehe ya kahawa. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Avataq, jua limesharudi, siku ndefu za mwisho wa baridi. Nyumba ya Tukumeq imejaa watu, viatu vimerundikana mlangoni, keki mezani, nyama ya sili iliyokaushwa, kahawa haikatiki. Ivalu hakuwapo. Alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, na helikopta ilikuwa inamfuata Kuussuaq kumpeleka hospitali ya mjini, kama wanavyopelekwa wote.

Mzee Sakeus alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri. Sakeus alikuwa rafiki wa Avataq mzee, waliwinda pamoja ujana wao wote. Macho yake sasa hayamfikishi mbali.

"Avataq, mwenzangu, njoo ukae hapa," akamwita kijana. "Magoti yangu yameshakwisha na yako bado mapya. Hii si haki."

"Ulikimbilia kuzeeka mwenyewe, Sakeus. Mimi nilikupa nafasi."

Watu wakacheka.

"Nasikia unakwenda Kuussuaq."

"Kesho. Nataka nimwone Ivalu kabla helikopta haijambeba."

"Unapita wapi?"

"Juu, kama kila mtu."

Sakeus akaweka kikombe chini. "Kama kila mtu! Jamani, mmemsikia Avataq? Njia ameifungua mwenyewe, leo anazunguka kama mgeni! Wewe si ndiye uliyenipitisha kando ya Figo mimi nikitetemeka, ukanicheka mpaka ukatoa machozi?"

"Amezeeka, mwache," mmoja akadakia.

"Akizunguka juu atakuta kitanda cha Ivalu kimepoa," akasema mwingine.

"Ataikuta harufu ya helikopta!"

Kicheko kikajaa nyumba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nataka hilo lieleweke. Walikuwa wanamtania Avataq mzee, aliyependa kutaniwa. Kijana alikuwa anatabasamu, lakini nilimwona shingo yake imekuwa nyekundu. Aliizungusha kahawa kikombeni.

"Sijaisahau njia yangu," akasema.

"Ee! Huyo sasa ndiye Avataq!" Sakeus akapiga goti lake, macho yamemlowa. Kweli aliamini rafiki yake ndiye aliyesema.

Mimi sikuvumilia. Nikasema kwa sauti, "Kule kando ya Figo pamefunguka. Tumepaona kwa macho yetu, kiangazi."

"Kelele ameanza!" Avataq akasema, na wote wakaangua tena. "Kelele, wewe ulilia hata ulipoonyeshwa sili aliyekufa. Mimi nakujua."

"Sitanii. Tukumeq, si tulipaona?"

Tukumeq alikuwa anakata keki, amewapa watu mgongo. Kisu kikasimama. Nilijua anapaona pale, ule mstari wa buluu, kwa kuwa na mimi nilikuwa napaona. Neno moja lingetosha. Wale wanaume wanaijua barafu. Wangesikia kwa mwenye njia kwamba njia imekufa, wangenyamaza, utani ungehamia kwa mtu mwingine, na kijana angezunguka juu bila aibu.

Akasema, "Baba ndiye anayeijua barafu." Akaendelea kukata.

Nilimfuata jikoni. "Una wazimu wewe?"

"Punguza sauti, Benigne."

"Sipunguzi. Mwambie asipite."

"Nimwambie nani? Baba yangu? Yeye ndiye aliyenipitisha pale. Leo mimi nimfundishe njia yake?"

"Yule pale ni kijana aliyeshindwa kuamka jana mpaka mchana!"

"Baba naye alipenda kulala," akasema, na nusura acheke. Kisha uso ukambadilika. "Benigne, nikimkataza ataondoka. Nilimpoteza mara moja. Sitamfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Na akianguka?"

"Hakuwahi kuanguka pale."

Nilimwita mjinga. Nikachukua koti langu nikatoka bila kuaga, na kwa jinsi ninavyopenda keki mtajua nilikuwa nimekasirika vipi.

Asubuhi nilisikia mbwa. Nikatoka, maana hasira zangu hazilali. Kulikuwa shwari, moshi wa nyumba umesimama wima, Mlalaji anang'aa kule juu mweupe bila doa. Avataq amevaa suruali ya ngozi ya dubu, anapanga mizigo kwenye sleji bila haraka. Alinisalimia bila utani, na hilo lilinishangaza. Tukumeq akatoka na chupa ya chai na viatu vipya alivyovitia nyasi kavu ndani, akapiga goti akamfunga kamba za viatu yeye mwenyewe, mtu mzima kama yule.

Nilimfinya mkono alipoinuka. "Sema," nikamnong'oneza.

Avataq akamtazama mama yake. Alimtazama muda mrefu, mbwa wakipiga kelele, wakiruka ruka kwenye kamba zao.

"Hali ya hewa nzuri, baba," Tukumeq akasema.

"Nzuri, binti yangu," akajibu.

Akapanda. Mbwa wakaondoka kwa kasi ile yao ya mwanzo, na baada ya kitambo akawa nukta inayopanda Shavu. Tukumeq alibaki amesimama nje mpaka nukta ikapotea, na hata baada ya hapo. Nilimletea koti akalivaa bila kuniangalia.

Kesho yake mbwa mmoja alirudi. Ni jike la rangi ya majivu, linaburuta pande la kamba lililokatika, linachechemea. Lilipita mbele ya nyumba zote likaenda kulala mlangoni kwa Tukumeq. Sakeus ndiye aliyelipapasa lile pande la kamba kwa vidole, kwa kuwa macho yake hayakumsaidia, na alipofika mwisho wake akakaa kwenye theluji pale pale.

Wanaume walipanda kwa njia ya juu. Walimkuta Avataq kwenye mwamba wa Figo, hai. Theluji iliyofunika lile pengo ilikuwa imembeba mpaka katikati, kisha ikaachia. Sleji na mbwa vilikwenda chini kabisa. Yeye alinasa kwenye kitako cha barafu, akapata mwamba, akaukwea kwa kucha na mtaimbo wake wa kupimia barafu, akatoka juu akiwa kiatu kimoja kimemtoka na kingine kimejaa maji. Alikaa juu ya Figo usiku mzima akiwasikiliza mbwa wake kule chini, mmoja mmoja, mpaka wakanyamaza. Hilo alilisimulia mara moja tu.

Helikopta ile ile iliyokuwa imfuate Ivalu ndiyo iliyombeba. Yeye na Ivalu walipanda pamoja, mmoja kitandani na mwingine na tumbo lake, kwa hiyo alimwona kabla hajaondoka, ukipenda kuliweka hivyo. Hospitali wakamkata miguu yote miwili, iliyokuwa imekufa kwa baridi, mmoja juu ya kifundo na mwingine chini ya goti. Ivalu alijifungua salama, mtoto wa kike, akaitwa jina la bibi yake Ivalu aliyefariki mwaka ule.

Tukumeq miezi ile alishona. Alishona viatu vya kijiji kizima, hata vya watu ambao hawakuagiza. Sakeus alikuwa anakuja na nyama, anaiweka mlangoni, anarudi bila kugonga. Siku moja nilimkuta akiondoka nikamwuliza mbona haingii.

"Nilimtuma kwenye njia ambayo haipo," akasema. "Niingie kwake na uso gani?"

"Hukujua."

"Hilo ndilo baya. Niliongea kama ninayejua."

Nikamwambia aliyejua alikuwa ndani. Sikupaswa kusema, lakini nilisema. Sakeus akatikisa kichwa, akasema yule naye hakuwa na la kufanya, mtu hamkatazi baba yake. Nikaona kwamba hata yeye, baada ya yote hayo, bado hajaona kosa liko wapi.

Avataq alirudi kiangazi kwa boti, pamoja na Ivalu na mtoto. Kijiji kizima kilishuka ufukweni. Walimbeba kwenye kiti mpaka nyumbani, wakimtania kama kawaida, kwamba sasa viatu havitamgharimu kitu. Alicheka panapochekwa. Tukumeq akamwandalia kitanda karibu na dirisha lile linalotazama Mlalaji, akidhani anamfurahisha, na yeye siku ile ile akaomba kigeuzwe.

Nilikuwapo siku waliyosemezana. Ivalu alikuwa ametoka na mtoto. Mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria, nikakaa, kama ninavyokaa siku zote. Tukumeq alikuwa amepika ndege wa mlimani, amewaweka kwenye sahani ya mtoto wake, anamtolea mifupa kwa vidole.

"Kula, baba."

Hakula. "Wewe ulipanda mlimani kudaka hawa?"

"Juzi. Na Benigne."

"Kutoka kule Figo inaonekana vizuri."

"Inaonekana."

"Kwa hiyo ulipaona," akasema. "Kelele hakuwa anapiga kelele. Ulipaona kabla sijaenda."

Nilitaka kuondoka nikashindwa, sufuria iko magotini.

"Nilipaona," Tukumeq akasema. "Kiangazi kile na kilichotangulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekukatazaje, baba? Wewe ndiye—"

"Nilikuwa naogopa," Avataq akamkatiza. Hakupaza sauti. "Usiku ule baada ya sherehe sikulala. Kelele alishanitia hofu, lakini nilishajibu mbele ya watu, na jina lenyewe ni hili. Ningerudi nyuma vipi? Asubuhi nikasema moyoni, akinikataza nabaki. Ningekasirika, ningepiga hata mlango, halafu ningeenda kwa njia ya juu kwa sababu nimekatazwa. Nilisimama pale nakutazama. Nilikuwa nakungoja wewe tu. Ukaniambia hali ya hewa nzuri."

Tukumeq alikuwa bado ameshika kipande cha nyama. Akakirudisha kwenye sahani.

"Huyo mzee mimi simjui," akasema Avataq. "Hata sura yake naijua kwenye picha. Sijawahi kumpitisha mtu yeyote kando ya Figo. Nimepita mara moja tu, na mnaona. Mimi ni mwanao, mama."

Neno hilo, mama, halikuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile. Nimeishi mkabala nayo miaka yote hiyo na sijawahi kulisikia. Tukumeq alimtazama kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni mlangoni. Halafu akalia. Mwaka ule baba yake alipokufa hakulia hata tone, nilimshangaa mazishini, kumbe alikuwa anamngoja kwa kuwa anajua anarudi. Sasa ndiyo alikuwa anamzika. Alilia kilio chenyewe cha msiba, kichwa kwenye meza, nywele kwenye sahani ya watu, na mimi niliyemtukana miaka yote hiyo nikawa namshika mgongo.

Alilia mpaka chakula kikapoa. Mwanawe hakumbembeleza, wala hakuondoa macho. Alipomaliza Tukumeq akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta, akaisukuma ile sahani mpaka ikamgusa Avataq kifua.

"Kula," akasema. Akatafuta neno la kuongeza. Mdomo ulitaka kwenda kule kule ulikozoea, nikauona, akauzuia. "Kula, mwanangu. Usiponyanyua hicho kipande nitakukasirikia."

Avataq akakinyanyua.